Kioo kilicholiwa na unyevu, mbona hakiakisi dirisha kama kipya?

Swali: Mimi ni fundi fremu hapa Tanga. Nilinunua kreti ya vioo vya milimita 2 vilivyokaa muda mrefu kwenye ghala karibu na bahari. Vingine vimeota ukungu mweupe, vingine vina rangi rangi kama mafuta juu ya maji. Nilikata kimoja ambacho rangi yake ilikuwa hafifu sana, nikakiweka kwenye picha ya arusi. Mteja akasema hii ndiyo nzuri, kwa sababu dirisha la sebuleni halionekani sana ndani ya picha kama kwenye fremu nyingine nilizomtengenezea. Je, ni macho yetu tu? Kama ni kweli, naweza kutia asidi vioo vipya ili vifanane na hicho? Nimeambiwa ipo asidi inayokula kioo. Au ninunue vile vya bei kubwa wanavyoviita vya makumbusho?

Jibu:

Inawezekana kabisa, fundi, na mteja wako ana jicho zuri. Kioo kilicholiwa kidogo na unyevu, kikiliwa kwa kiasi chake, huakisi mwanga kidogo kuliko kioo kipya, na ule ambao hakikuurudisha hupita ukaenda kwenye picha. Mwaka 1886 Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alikuta kwamba vioo vya zamani vilivyofifia vinapitisha mwanga mwingi kuliko vipya. Baadaye Harold Dennis Taylor, msanifu wa lenzi katika kiwanda cha Cooke mjini York, akaliona jambo hilohilo kwenye lenzi kuukuu. Wenye lenzi hizo walidhani zimeharibika, kumbe zilikuwa zinapitisha mwanga vizuri zaidi. Mwaka 1904 aliomba hataza ya kuzeesha lenzi makusudi kwa kemikali. Kwa hiyo swali lako la asidi ni lilelile alilojiuliza yeye miaka mia moja na ushee iliyopita.

Jibu langu kwa asidi ni hapana, tena hapana kubwa. Lakini ili ujue unachokataa na unachonunua, tuanze na namna dirisha linavyoingia kwenye picha.

Mwanga ukitoka hewani kuingia kwenye kioo hupunguza mwendo. Kwa hewa tunaandika 1, kwa kioo cha kawaida cha dirisha tunaandika 1.52, maana yake mwanga humo ndani huenda polepole kwa kadiri hiyo. Pale mpakani, mwendo unapobadilika ghafla, sehemu ya mwanga hugeuka na kurudi ulikotoka. Namba hizo mbili zikiachana sana, kinachorudi huwa kingi. Zikikaribiana, huwa kidogo. Kutoka 1 hadi 1.52 hurudi asilimia 4 na kidogo. Na kwa kuwa kioo kina nyuso mbili, nyuma nako hurudi kiasi kama hicho wakati mwanga unatoka tena kwenda hewani. Jumla ni kama asilimia 8.

Asilimia 8 inasikika ndogo, lakini tazama inashindana na nini. Anga la mchana linaloonekana dirishani lina mwangaza mara nyingi kuliko ukuta wa ndani ya sebule. Suti nyeusi ya bwana arusi, kwa upande wake, hurudisha asilimia chache tu za ule mwanga hafifu wa ndani. Hapo asilimia 8 ya anga inaimeza suti bila shida. Ndiyo maana ukitazama fremu zako za kawaida utaona nondo za dirisha zimejichora juu ya suti, ilhali kwenye shela la bibi arusi, umbali wa sentimita chache, huzioni. Kioo ni kilekile na kinarudisha kilekile. Shela ni jeupe na lina mwanga wa kutosha kujitetea.

Tena hizo asilimia 4 ni za anayetazama kwa kukabili kioo. Ukisimama pembeni hali huwa mbaya zaidi. Mwanga unaokifikia kioo kwa kuinama nyuzi 60 hurudishwa kama asilimia 9 kwa kila uso, na ukizidi kuinama kioo huwa kama kile cha kujitazamia.

Sasa kreti yako. Kioo cha dirisha si mchanga mtupu. Sehemu saba hivi katika kumi ni silika, ambayo ndiyo mchanga, na iliyobaki kwa sehemu kubwa ni chokaa na magadi, aina hiyohiyo inayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya. Magadi huwekwa ili mchanga uyeyuke kwa moto usio mkali mno. Ubaya wake ni kwamba sodiamu iliyomo haijashikwa sana. Unyevu ukituama juu ya kioo, hidrojeni ya maji huingia na sodiamu hutoka. Juu hubaki ngozi nyembamba ya silika yenye vitundu vidogo kiasi kwamba hakuna jicho wala hadubini ya shuleni itakayovionyesha. Vitundu hivyo vina hewa ndani, na mchanganyiko wa silika na hewa namba yake ni ndogo kuliko 1.52. Mwanga ukija hauruki tena kutoka 1 hadi 1.52 kwa mkupuo, hupumzika katikati. Mipaka inakuwa miwili midogo badala ya mmoja mkubwa, na kama unene wa ngozi ile umeangukia mahali pazuri, kinachorudi hupungua.

Tatizo ni kwamba kwenye kreti mchezo hauishii hapo. Kioo kilichoko dirishani kinyeshewapo na mvua husuuzwa, sodiamu ikaenda na maji. Vioo vilivyolaliana hubana tone katikati, na sodiamu inayotoka haina pa kwenda. Lile tone hugeuka kuwa kali, jamii ya magadi ya kufulia, na maji makali ya namna hiyo hula silika yenyewe. (Ndiyo maana pia maji ya saruji yakidondokea madirisha ya nyumba mpya na kuachwa, huacha madoa yasiyotoka kwa sabuni.) Viwanda vinajua hili, ndiyo sababu huweka karatasi kati ya kioo na kioo, au hunyunyiza unga laini wenye asidi hafifu wa kuutuliza ukali huo. Ghala likiwa na joto na hewa ya bahari kwa muda mrefu, ulinzi huo huchoka.

Rangi unazoziona zinakuambia hatua iliyofikiwa. Ile hafifu ya kwanza ndiyo bahati yako. Rangi za wazi, zinazobadilika unapokiinamisha kioo, maana yake ngozi imenenepa, na haikunenepa sawasawa. Ukungu mweupe ni uso uliokwisha kuchimbika. Hivyo usihangaike navyo. Vya rangi vinaweza kusuguliwa kwa unga wa seriamu oksaidi na kitambaa kizito hadi ngozi iondoke, ila kwa kioo cha milimita 2 jasho litakugharimu kuliko kioo kipya. Kile cha picha ya arusi kiache kilipo. Hakidhuru picha.

Taylor alikwamia palepale kreti yako ilipokwamia. Lenzi zake zilitengenezwa kwa vioo vya mapishi tofauti, na kemikali ileile iliyozeesha lenzi moja vizuri iliiachia nyingine madoa. Kuna kioo kilichokubali, kuna kilichogoma. Hapakuwa na namna ya kuipangia ngozi unene wake. Wewe ukijaribu na kioo cha dirisha utapata hayohayo: kipande kimoja kizuri, na vingine vya kutupa.

Hapo bado sijagusa asidi yenyewe. Asidi nyingi unazoweza kuzipata mjini hazina habari na kioo. Ya betri, ya kuoshea choo, zote huhifadhiwa kwenye chupa za kioo maabara na chupa hazilalamiki. Inayokula kioo ni ya hidrofloriki pamoja na chumvi za jamii yake, kwa sababu florini yake huing'oa silika na kuigeuza kuwa gesi au kitu kinachoyeyuka. Hiyo lazima ikae kwenye plastiki.

Na hapa kuna jambo ambalo aliyekushauri huenda halijui. Asidi ya hidrofloriki ikiwa peke yake, au ikichanganywa na ya salfa, kwa kawaida haitii kioo ukungu. Hukila sawasawa, na viwandani hutumika kung'arisha bilauri za kristali zilizochongwa. Kinachotia ukungu ni chumvi zake, hasa amoniamu baifloraidi: zikigusa kioo huota fuwele ndogondogo juu yake, fuwele zinafunika hapa na pale, na asidi inachimba palipobaki wazi. Ukivisuuza unapata uso wa vilima na mabonde. Krimu za kuchorea vioo zinazouzwa kwa mafundi wa mapambo hufanya kazi kwa njia hiyo.

Wala vilima na mabonde sivyo unavyovitafuta. Ngozi ya kioo chako cha arusi ina vitundu vidogo kuliko wimbi la mwanga, ndiyo maana mwanga unavipita kana kwamba ni kitu kimoja laini. Vilima vya asidi ni vikubwa kuliko wimbi, na kila kilima hurusha mwanga upande wake. Ile asilimia 8 haijapungua hata chembe, imetawanywa tu. Dirisha halionekani tena kama dirisha, linakuwa ukungu uliotandaa juu ya picha nzima, na suti nyeusi inakuwa ya kijivu.

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, tafuta dirisha la bafu lenye kioo cha ukungu na ubandike selotepu ya kung'aa upande ule unaokwaruza kidole. Ikandamize vizuri kwa ukucha. Palipo na selotepu utaona upande wa pili waziwazi. Gundi imejaza mabonde, na kwa kuwa namba yake inakaribiana na ya kioo, mwanga hauoni tena vilima. Ukipaka maji utapata kitu kama hicho, ila hafifu kidogo, maana namba ya maji ni 1.33. Kioo cha ukungu hakikupoteza uwazi wake ndani. Kila kitu kimetokea juu, kwenye tabaka usiloweza hata kulipima kwa rula.

Kioo cha namna hii, chenye ukungu mdogo sana, huuzwa kwa mafundi fremu kama kioo kisichomeremeta. Mimi sikipendi. Kikigusana na picha kinafaa, lakini ukiweka kadi ya pambizoni inayoiachanisha picha na kioo kwa milimita moja au mbili, picha inaanza kufifia kingo. Ukiweka kadi mbili, nyuso za watu zinakuwa za ndotoni. Kwa cheti au ramani iliyobanwa moja kwa moja, sawa. Kwa picha ya arusi yenye pambizo, hapana.

Turudi kwa hidrofloriki, kwa sababu nataka jambo hili likae. Asidi nyingine zikikugusa zinaunguza hapohapo, unaruka, unaosha. Hii ikiwa imezimuliwa inaweza isiume mara moja. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, wakati imeshapenya ngozi na kufika ndani. Huko hunasa kalsiamu ya mwili. Kalsiamu ya damu ikishuka, moyo hupoteza mpigo wake, na mtu anaweza kufa kwa kumwagikiwa sehemu isiyokuwa kubwa. Wanaofanya nayo kazi viwandani huvaa glavu za aina maalumu na ngao ya uso, hufanyia chini ya chombo cha kunyonya hewa, na karibu yao huwa na jeli ya kalsiamu glukoneti ya kupaka wakati mtu anakimbizwa hospitali. Karakana ya fremu yenye mlango mmoja na watoto wanaopita nje si mahali pake. Ikitokea mtu amekwisha kuguswa nayo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka, mpeleke hospitali hata kama hasikii maumivu, na umtajie daktari jina la asidi hiyo waziwazi. Usiseme tu ameungua na asidi.

Sasa vile vya bei kubwa. Hivi havikutiwa vilima. Vimepakwa utando, na ni matokeo ya watu walioamua kwamba kama ngozi ya Taylor haitabiriki, basi waijenge wenyewe kwa unene wanaoutaka.

Unene huo una hesabu yake. Mwanga wa kijani, ambao jicho letu huuona vizuri kuliko rangi nyingine mchana, una wimbi la urefu wa nanomita 550 hivi. Tuseme utando ni wa magnesiamu floraidi, ambayo namba yake ni 1.38. Ndani ya utando wimbi hufupika na kuwa kama nanomita 400, na robo yake ni 100. Ukiufanya utando uwe wa nanomita 100, mwanga unaorudi kutoka chini yake unakuwa umekwenda na kurudi, yaani umesafiri nusu wimbi zaidi ya ule uliorudi kutoka juu. Kilele cha mmoja kinaangukia bonde la mwenzake, na wote wawili wanafutana. Mwanga haujapotea, maana hauna pa kupotelea: kisichorudi kinapita kwenda kwenye picha. Nanomita 100 ni unene ambao unywele mmoja ungeugawa mara mia kadhaa kuupata.

Mwaka 1935 Alexander Smakula, wa kampuni ya Carl Zeiss huko Jena, Ujerumani, aliweka tando za namna hii kwa kuyeyusha kitu hadi kiwe mvuke ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, mvuke ukatua juu ya lenzi. Wajerumani waliifanya siri ya kijeshi. Mwaka uliofuata John Strong, Marekani, naye akafanya hivyo kwa kalsiamu floraidi bila kumngoja mtu. Unaweza kuona kwa nini majeshi yalivutiwa: darubini yenye nyuso 20 za kioo, kila uso ukirudisha asilimia 4, hupitisha asilimia 44 tu ya mwanga ulioingia. Usiku hiyo ndiyo tofauti ya kuiona meli na kutoiona.

Lakini ninayempenda mimi katika habari hii ni Katharine Blodgett, mwanafizikia wa kampuni ya General Electric mjini Schenectady, Marekani. Mwaka 1938 kampuni yake ilitangaza kioo alichokifanya karibu kisionekane, na hakutumia chombo cha kuondoa hewa wala moto. Alitandaza juu ya maji tabaka la kitu cha jamii ya sabuni, bariamu stiareti, unene wake molekuli moja. Kisha alikizamisha kioo na kukiibua, na kila kilipopita usoni mwa maji kilichukua tabaka moja. Alihesabu matabaka 44. Akaenda mbali zaidi: aliyeyusha sehemu ya utando na kuitoa, ikabaki mifupa yenye nafasi tupu, ili namba ishuke. Yaani alijenga kwa mkono, tabaka kwa tabaka, kitu cha jamii ya ngozi ya vioo vyako. Alitengeneza hata kipimo cha rangi, kwa maana kila unene wa utando una rangi yake, na mtu akilinganisha rangi anajua unene bila chombo kingine. Kasoro ya kioo chake ilikuwa moja, nayo ilitosha kukizuia kuingia madukani: utando ulifutika kwa kidole.

Zilizoshinda ni tando ngumu zinazowekwa kwenye chombo kisicho na hewa. Ule mmoja wa magnesiamu floraidi hupunguza mwakisiko hadi asilimia 1.3 hivi kwa uso. Haufiki sifuri kwa sababu, kwa kioo cha 1.52, utando ungetakiwa uwe na namba 1.23, na hakuna kitu kigumu kisicho na vitundu chenye namba hiyo. Tena ukiuweka sawa kwa kijani, nyekundu na bluu haziko sawa, hivyo zinarudi kidogo pamoja. Ndiyo ile zambarau unayoiona kwenye lenzi za kamera za zamani. Leo hupakwa tando kadhaa, ya namba kubwa na ya namba ndogo kwa zamu, na uso hurudisha chini ya nusu asilimia. Rangi inayobaki huwa ya kijani au bluu, kama kwenye miwani mingi. Kioo cha makumbusho ni hicho, kimepakwa pande zote mbili.

Njia ya vitundu haijafa. Paneli nyingi za sola zina utando wa silika yenye vitundu uliopakwa kwa umajimaji na kukaushwa kwa moto, ili mwanga wa ziada wa asilimia mbili au tatu uingie badala ya kurudi. Nasema hivi pia kwa sababu utakuja kuuziwa vioo vya paneli zilizobomolewa. Usinunue. Huwa vimepakwa upande mmoja tu, vingi vina mikwaruzo ya makusudi, na vimeimarishwa kwa moto; ukivipitishia kikata kioo vinamwagika chini punjepunje.

Na usinunue chupa za kupulizia zinazoahidi kuondoa mwakisiko. Nyingi ni za kufanya maji yateleze, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Utando wa nanomita 100 ukizidi au kupungua nanomita 20 hubadili rangi, na mkono wa binadamu na kitambaa hauwezi kupaka kwa usawa huo.

Kabla ya kumpandishia mteja bei, muulize picha itatundikwa wapi. Mara nyingi tatizo linamalizwa na msumari. Picha isikabili dirisha. Iwe ukuta wa pembeni wa dirisha, na mtu aitazame kwa kuikabili. Kama haiwezekani, ning'iniza kwa kamba ya nyuma iliyofungwa chini kidogo, sehemu ya juu ya fremu itokeze mbele, ili kioo kiakisi sakafu badala ya anga. Na kazi za rangi ya mafuta hazihitaji kioo hata kidogo. Nimeona michoro ya Tingatinga imewekewa kioo, wakati rangi yenyewe ni ya enameli, ya kung'aa, ina uso wake unaorudisha asilimia zake 4. Ukiongeza kioo unakuwa na nyuso tatu badala ya moja, na hakuna ulichokilinda.

Kama unaamua kununua, mambo mawili ya kujua. Utando huonyesha alama za vidole vibaya sana: mafuta ya kidole hurudisha mwakisiko palepale yalipogusa, na doa la asilimia 4 katikati ya uso wa nusu asilimia linawaka. Kwa hiyo shika kingo, futa kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo, na usikisugue kikiwa kikavu na vumbi la pwani juu yake. La pili, utando wa kuzuia mwakisiko peke yake si kinga ya miali ya jua inayofifisha picha. Vipo vinavyofanya yote mawili. Muulize muuzaji na umtake akuonyeshe kwenye karatasi ya kiwanda.

Dukani nenda na kipande cha kioo chako cha kawaida, kitambaa cheusi na simu. Weka vioo vyote viwili juu ya kitambaa, washa tochi ya simu, inamisha kidogo. Kila kioo kitaonyesha vitone viwili vya mwanga, cha uso wa juu na cha uso wa chini. Kwenye chako vyote viwili vitakuwa vyeupe na vikali. Kwenye kilichopakwa kweli vyote viwili vitakuwa hafifu na vyenye rangi. Kimoja kikiwa cha rangi na kingine cheupe, kioo kimepakwa upande mmoja, basi bei nayo iwe ya upande mmoja. Vyote vikiwa vyeupe lakini vimetanda kama pamba, hicho ni cha ukungu wa asidi, hata kikiitwa jina gani. Kwa picha kubwa ya arusi inayokabili dirisha, lipa. Kwa cheti cha kwenye korido ya ofisi, kata cha kawaida.